Yangeyange Ana Kosa Gani?

"Umeacha chuo uje upige picha ndege wa jaani?"

Hilo ni swali la mamangu, na aliliuliza mbele ya wageni, sinia la mahamri mkononi. Sikumjibu. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo hana ubavu wa kujibu maswali mbele ya wageni. Lakini swali lenyewe nimetembea nalo miezi sasa, na nataka kulijibu, si kwa mama peke yake, bali kwa kila mtu aliyewahi kuniona nimechutama kwenye tope la Mikindani na kamera, akanihurumia.

Ndege mwenyewe ni yangeyange. Yule mweupe, shingo ndefu, unayempita kila siku ukivuka daraja na hujawahi kumwangalia mara mbili. Wako wa aina kadhaa na sisi twawaita wote jina moja. Kuna yule anayefuata ng'ombe, mwenye mdomo wa manjano. Huyu wangu ni wa majini: mdomo mweusi, miguu myeusi, halafu vidole vya manjano kabisa, kama mtoto aliyevua viatu akabaki na soksi za shule. Maji yakipwa anashuka kutoka kwenye mikoko, anasimama kwenye kidimbwi kisichofika goti lake, anatikisa mguu mmoja ndani ya tope. Anatikisa, anatulia, anatikisa tena. Visamaki vinashtuka vinatoka mafichoni, na shingo inafyatuka. Ndiyo kazi yake hiyo. Siku moja nilimhesabia: alijaribu mara kumi na tisa, akapata mara saba. Wastani wake unaushinda wangu wa kutuma makala kwa wahariri.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwa mhariri. Nilikuwa nimemaliza mfululizo wa picha kumi na mbili za yangeyange huyo, na maandishi mafupi, nikamtumia mhariri wa jarida moja ambalo sina haja ya kulitaja. Alijibu upesi, nampa hongera kwa hilo. Akasema picha ni safi, mwanga ni mzuri, ila "ndege ni wa kawaida mno". Akaniuliza kama siwezi kupata heroe. Heroe! Mimi nakaa Magongo. Nauli ya kufika Bogoria na kulala huko ni harusi mbili nzima za kupiga picha, na mojawapo iwe ya watu wanaolipa.

Wallahi sikukasirika kwa sababu alinikataa. Kukataliwa ndiyo mshahara wetu sisi wa kujitegemea. Nilikasirika kwa sababu ya lile neno, kawaida, na jinsi alivyolitumia kama mtu anayetaja ugonjwa.

Hebu tulitazame hilo neno. Ndege huyuhuyu mwenye soksi za manjano, Uingereza alikuwa nadra mpaka juzijuzi. Mara ya kwanza kujulikana kwamba ametaga na kulea makinda kule ilikuwa 1996, kwenye kisiwa kidogo kinachoitwa Brownsea, kusini mwa nchi. Kabla ya hapo, akionekana mmoja, watu wazima walikuwa wakiwasha magari na kuendesha masaa kwenda kumtazama, na darubini zao shingoni. Ndege mmoja, vidole vilevile, tope la aina ileile. Kule alikuwa tukio, huku ni taka nyeupe kwenye taka nyeusi. Sasa niambie, unadra uko kwa ndege au uko kwa yule anayetazama?

Tena rudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, mabibi wa Ulaya na Marekani walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya jamaa hawa, yale marefu malaini yanayoota mgongoni wakati wa kuzaa. Kwa uzito wake, manyoya hayo yalifikia bei ya kushindana na dhahabu. Ndege waliuawa kwenye viota, makinda yakaachwa yafe njaa. Mwaka 1889, mwanamke mmoja wa Manchester, Emily Williamson, akaanzisha chama cha wanawake wenzake walioapa kutovaa manyoya. Ndicho kilichokuja kuwa chama kikubwa cha kulinda ndege Uingereza, RSPB. Kwa hivyo yangeyange ameshapitia yote: amewahi kuwa dhahabu, akawa shahidi wa kesi ya dunia, na leo kwa mhariri wetu ni wa kawaida mno.

Lakini mhariri ni mtu mmoja. Kuna kitu kikubwa zaidi kinachosema yangeyange si wa kupigwa picha, au niseme, si wa kupigwa picha na mimi.

Upande wa pili wa Changamwe, kule Port Reitz, kuna mikoko mizuri kuliko ya Mikindani, na njia ya kuteremkia inapita nyuma ya uwanja wa makontena wa kampuni moja. Nilikwenda huko asubuhi ya Jumapili. Nilikuwa nimesimama nje ya ua, kwenye njia inayopitwa na wavuvi na wanawake wanaookota kuni, lenzi imeelekea baharini, mgongo kwa makontena. Mlinzi akatokea.

"Wewe! Unapiga picha nini hapo?"

"Ndege."

Mkaazi yeyote wa Port Reitz ameshajua nilikosea wapi. Juu ya vichwa vyetu ndiyo njia ya kutua uwanja wa ndege wa Moi. Wakati huohuo, kama Mungu anatania, ikapita moja inashuka, magurudumu nje.

"Ndege gani? Unapiga ndege zinatua? Nani amekutuma?"

"Si ndege hiyo, boss. Ndege wa kuruka."

"Kwani hiyo hairuki?"

Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari alitufundisha kwamba ndege anatua na ndege inatua ni viumbe wawili, na kwamba ngeli ni jambo la maisha. Nilijaribu kumweleza mlinzi ngeli. Hazikunisaidia. Aliichukua kamera, akaniita mwenziwe, wakanikalisha kwenye jiwe juani kama saa nzima, wakanitajia polisi, wakanitajia ugaidi, halafu wakataja kile ambacho hutajwa mwisho wa mazungumzo kama hayo. Nilikuwa na mia mbili. Waliichukua. Kisha wakanifanya nifute picha zote za asubuhi ile, moja moja, nao wakitazama kwenye kioo. Kila ikitokea ya yangeyange, yule mwenziwe alikuwa akisema, "Hata huyu futa." Walijua ni ndege wa mabawa. Walikuwa wamejua tangu picha ya tatu.

Wiki chache baadaye niliwaona wageni wawili, mzungu na mkewe, wameegesha gari kwenye barabara mpya ya Dongo Kundu, ile inayovuka mikoko kwa madaraja marefu, na lenzi ndefu kama bomba la maji. Walipiga picha wakatosheka. Gari la doria likapita, likapiga honi kwa upole, likaenda zake. Sina kinyongo nao. Walikuwa wakitazama kitu kizuri na walistahili kukitazama. Nauliza tu: kwa nini kutazama ni utalii kwao, na kwangu ni ushahidi wa nia mbaya?

Najua kuna sehemu ambazo picha zimekatazwa, na zipo sababu. Sibishani na sababu. Mji huu umeona mabaya. Lakini angalia ramani ya bara yetu. Changamwe ina vituo vya mafuta vya Kipevu na bandari, ina kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho hakijasafisha mafuta tangu 2013, ina uwanja wa ndege, na jirani yake Miritini ina stesheni ya reli. Ukivuka Likoni, kivuko chenyewe hutoi kamera, na mbele yake kuna kambi ya wanamaji Mtongwe. Vingi kati ya hivi vimekaa ukingoni mwa maji, kwa sababu kazi zao ni za majini. Kwa hivyo katazo la ua mmoja linamwagika mpaka ua wa pili, na katikati ya nyua hizo ndiko mikoko iliko. Hakuna bango linalosema mwisho wa siri za serikali ni hapa na mwanzo wa tope ni pale. Mlinzi ndiye bango. Na mlinzi anasoma uso wako, viatu vyako, na lafudhi yako. Vijana wa Kisauni wanajua ninachosema bila ya mimi kueleza. Wao hawahitaji hata kamera. Simu tu, ukiielekeza popote, ushakuwa ama mwizi ama mjumbe wa wezi.

Matokeo yake ni haya: sisi tunaoishi ukingoni mwa maji hatuna picha za maji yetu. Tuna picha za harusi, za mechi, za matanga, za sahani ya viazi karai. Ukitafuta picha ya Mombasa utapewa ngamia ufuoni, Fort Jesus, na yale mapembe ya bati ya barabara ya Moi. Bara haiko. Ikiwepo, ni foleni ya malori.

Wewe unayesoma haya ndani ya matatu, pengine unasema, sasa je? Ndege si picha. Ndege atakuwepo hata asipopigwa.

Hapo ndipo naomba unisikilize vizuri.

Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka karibu na hori la Makupa, mafuta yakamwagika mpaka kwenye mikoko, na mikoko ikafa. Aprili 2005 meli ya mafuta, Ratna Shalini, ilimwaga mafuta ghafi bandarini Kilindini na yakaingia mikoko ya Port Reitz. Haya yameandikwa, yako kwenye ripoti: eneo, miti. Lakini muulize mtu yeyote wa Kibarani au Chaani akuonyeshe picha ya jinsi palivyokuwa kabla. Kabla haipo. Hakuna aliyeona haja ya kupiga kabla, kwa sababu kabla ilikuwa ya kawaida. Kwa miaka mingi Kibarani penyewe pakawa jaa la mji mzima, moshi usiku na mchana, mpaka lilipofungwa. Na jaa lilipoanza, nani angelalamika kwamba ndege fulani amepotea, ikiwa hakuna hata karatasi moja inayosema alikuwepo?

Mahali pasipokuwa na picha huitwa patupu. Na mahali patupu ni rahisi kupajaza: leo lori la kifusi, kesho lori la pili, keshokutwa mabati yamezungushwa na kuna hati miliki ambayo hujui ilitoka wapi. Hakuna mbunifu wa majengo anayechora yangeyange kwenye ramani yake. Mvuvi akisimama kusema hapa palikuwa na maji yakija na kupwa, ataambiwa alete ushahidi.

Ushahidi huanza na mtu mmoja kuandika kitu kidogo. Kule Owino Uhuru, hatua chache tu kutoka ninapopigia picha zangu, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwamwagia watu risasi, ile madini, kwenye hewa na maji kwa miaka. Kesi yao haikuanza na maandamano. Ilianza na Phyllis Omido, mama aliyekuwa akifanya kazi hapo, na karatasi ya hospitali iliyosema damu ya mtoto wake ina risasi. Kutoka kwenye karatasi moja ya mtoto mmoja, wakafika mahakamani, na mwaka 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ikapingwa kwenye rufaa, ikazunguka, ikarudishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Sisemi ndege ni sawa na mtoto. Nasema tu mtaa wetu unajua tayari bei ya kutokuwa na karatasi.

Kwa serikali, chepechepe ya maana ni ile yenye jina. Kenya ilijiunga na mkataba wa Ramsar mwaka 1990 na mpaka sasa ina maeneo sita kwenye orodha: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elementaita, na delta ya mto Tana. Yote ni mahali pa haki kabisa. Matano ni maziwa ya Bonde la Ufa, na hilo la sita liko kaskazini huko. Sidai Mikindani iwe ya saba. Maji yanayoteremka Mikindani yana harufu ambayo hata mimi siielezi kwenye jarida la watu wastaarabu. Mifereji ya choo inaishia mikokoni, na chupa za soda zimejipanga kwenye mizizi kama wateja benki. Lakini yangeyange yupo hapohapo. Sululu yupo, na mdomo wake uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Mdiria yupo juu ya waya. Na tangu daraja la Makupa lifunguliwe Agosti 2022, lile la kuondoa tuta lililoziba mkono wa bahari kwa karibu karne nzima, wavuvi wa pale wanabishana kama samaki wamerudi au hawajarudi. Wengine wasema ndiyo, wengine wasema ni njozi. Ningependa kujua. Ndege angetuambia, maana ndege hafuati siasa, anafuata vidagaa. Lakini ni nani aliyemhesabu kabla ya 2022?

Sasa wacha niwageukie wenzangu, manake mpaka hapa nimewapiga wengine na ni rahisi mno.

Sisi wapiga picha vijana wa mji huu ni wanafiki. Twalalamika walinzi watunyanyasa, halafu tukifika majini tunafanya nini? Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, nilikuta kundi la vitwitwi kwenye tope la Port Reitz, mia na zaidi, wameinamisha vichwa wote wanakula. Hawakuwa wakifanya kitu chochote cha kuvutia. Nikampa mtoto mmoja shilingi hamsini akimbie kuwafukuza, ili niwapate wakiruka jua likiwa nyuma yao. Alikimbia mara tatu. Picha ya tatu ilikuwa kali, bro. Ilipendwa na watu wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga, na fundi mmoja wa fremu aliniomba aichape.

Baadaye ndo nilisoma vitwitwi wale hufanya nini mwezi wa Aprili. Wanajinenepesha. Wako njiani kwenda kuzaa Siberia, juu kabisa ya dunia, na mafuta wanayoyaweka kwenye tope letu ndiyo petroli ya safari hiyo. Nao hawali masaa ishirini na manne. Wanakula maji yakiwa yamepwa tu. Mimi, kwa shilingi hamsini, niliwaibia sehemu ya masaa hayo, na nikamfundisha mtoto kwamba ndege ni kitu cha kukimbiziwa. Picha hiyo nimeitoa ukutani. Nawajua wenzangu wanaotupa mawe mpaka leo, na wao wanajijua.

Ndiyo sababu nasema ubaya wa lile neno la mhariri hauishii kwenye kunikataa. Ukimwambia kijana mwenye kamera ya mitumba kwamba ndege aliyesimama tu hauziki, unamwambia atafute jiwe. Yangeyange anayetikisa mguu kwenye tope ni picha. Ni picha ngumu kuliko ya kuruka, kwa sababu inakudai ukae. Dakika ishirini bila kusogea, mbu wakikufaidi, mpaka akusahau.

Kuna rafiki yangu mmoja, hodari wa kubishana, aliyeniuliza: "Na kunguru je? Si ni wa kawaida kuliko wote? Mbona humpigi?" Ameshika pabaya. Kunguru wetu, huyu mwenye shingo ya kijivu, si wa hapa. Asili yake ni Bara Hindi. Waingereza walimleta Zanzibar miaka ya 1890 asaidie kula taka, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa ashafika Mombasa. Anaiba mayai, anaua makinda ya ndege wengine, na amewafukuza wadogo wengi kutoka mitaani. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori la KWS lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja kwa sumu. Mimi nawapiga picha, kwa taarifa yake. Nina picha ya kunguru wawili wanamsumbua yangeyange mpaka akatapika samaki, wakamla samaki. Si nzuri, imetikisika, lakini ina tarehe na ina mahali. Kuwa wa kawaida hakumfanyi mtu kuwa mwema. Kunaeleza tu yuko wapi na yuko wangapi, na hesabu hiyo ndiyo tunayoikosa. Mtu aliyewahesabu kunguru watano mwaka 1950 angetusaidia sana leo kuliko anayewahesabu milioni.

Na kuna wale wa darubini. Chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, ambacho leo chajulikana kama Nature Kenya, kilianzishwa 1909, na mpaka leo utazamaji wa ndege nchini una harufu kidogo ya chai ya saa kumi kwenye bustani ya mtu. Vitabu vya kutambulia ndege ni vya Kiingereza na bei yake ni kodi ya chumba. Sitawasema zaidi ya hapo, kwa sababu wengi wao wamefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Kuna mradi wa Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi kwenye viraka vya kama kilomita tisa kwa tisa. Mtu yeyote anaweza kutembea kwenye kiraka chake walau masaa mawili, akaorodhesha kila ndege anayemwona au kumsikia, wa kawaida na asiye wa kawaida, akatuma. Bure. Hawakuulizi shahada. Kwao orodha isiyo na yangeyange ni orodha yenye shimo. Mara ya kwanza kusoma masharti yao nilicheka peke yangu: watu ambao kwao kawaida ndiyo kazi.

Siku moja pale Mikindani nilimkuta mzee akishona wavu chini ya mchu. Alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, wamtafuta nani huko?"

"Yangeyange, baba."

"Yupi? Wako watatu hapa. Yule mkubwa hupenda kule kwenye mkondo, hasemi na mtu. Huyu mdogo mwenye vidole vya binzari huja maji yakianza kupwa tu. Na yule wa ng'ombe si wetu, huja kulala."

Vidole vya binzari. Mimi nilikuwa na lenzi ya milimita 250 na miaka miwili ya chuo kikuu, na nilikuwa nikisema soksi. Nilimuuliza kama wamepungua. Akafikiri. Akasema zamani walilala kwenye mikoko ya ng'ambo mpaka mti ukawa mweupe, sasa mti ni wa kijani. Nikamuuliza zamani ipi. Akasema, "Kabla ya bomba." Sijui ni bomba gani, na hakuna picha ya kuangalia.

Mama nilimwonyesha picha juzi, ile niliyoipiga siku ya yule mzee. Aliishika simu mbali na macho, kama wanavyofanya wote, akaivuta kwa vidole viwili. "Kumbe ana vidole vya manjano," akasema. Miaka hamsini na mbili ameishi Changamwe. Halafu akaniuliza kama nimenunua tokeni za stima.

Sikununua. Lakini nimejibu swali lake, angalau nusu.

Bamvua nyingine ni wiki ijayo, na maji yatakuwa yamepwa kabisa kama saa nne asubuhi. Nitashukia steji ya Mikindani saa mbili. Kama una kamera njoo nayo, kama una simu inatosha, kama huna chochote njoo na daftari. Vaa viatu vya plastiki, si ndala, tope litazimeza. Beba kitambulisho. Mlinzi akituuliza twapiga picha nini, tafadhali mtu asiseme ndege. Tutasema yangeyange.